Giaboksi ya Aqua haibadili gia, na hapo ndipo ilipo akili yake

Giaboksi ya Toyota Aqua, gari la haibridi linalotumia petroli na umeme, ikifunguliwa mezani, fundi aliyezoea Vitz hutafuta vitu ambavyo havipo. Hakuna klachi. Hakuna torki konveta, hakuna mkanda wa CVT (giaboksi inayobadili uwiano bila hatua), hakuna gia ya rivasi. Staata hakuna, alteneta hakuna. Anachokiona ni mota mbili zilizosukwa kwa shaba nene, na katikati yake gia ambazo meno yake yameshikana muda wote. Haziingii wala hazitoki. Kwa jinsi gari hili linavyosifiwa kuwa la kisasa, mtu angetarajia ndani yake kujaa vyuma kuliko kawaida. Vimepungua.

Nalitaja hilo mwanzoni kwa sababu magari ya majaribio ya umeme na haibridi hupigiwa makofi kwenye maonyesho kwa kile kilichoongezwa: mota nne badala ya moja, paa la sola, tangi la hewa iliyoshindiliwa. Ukiangalia yaliyofika barabarani na kudumu, mengi ni yale ambayo wabunifu wake walikaa chini wakaanza kuondoa vitu. Kuondoa nako kuna bili yake. Bili hiyo Afrika Mashariki tunaijua vizuri, kwa kuwa gari likitufikia limeshatumika Japani miaka saba.

Tuanze na hizo gia. Katikati kuna gia ya jua, kuizunguka kuna gia ndogo za sayari zilizoshikwa na kibebeo, na nje kabisa kuna gia ya pete. Katika Prius ya kizazi cha pili jua lina meno 30, sayari meno 23 na pete meno 78. Injini imefungwa kwenye kibebeo cha sayari. Mota ndogo, ambayo kazi yake kubwa ni kuzalisha umeme, imefungwa kwenye jua. Mota kubwa imefungwa kwenye pete, na pete ndiyo inayokwenda kwenye matairi. Kutokana na meno hayo, nguvu ya mzunguko inayotoka kwenye injini hugawanyika daima kwa kipimo kilekile: asilimia 72 kwenye pete, asilimia 28 kwenye jua. Hakuna kompyuta inayoweza kuubadili mgawanyo huo. Kompyuta inabadilisha kasi tu.

Hebu tuone inavyofanya kazi. Gari limesimama kwenye foleni, pete haizunguki, injini inanguruma kwa mizunguko 1,000 kwa dakika. Mota ndogo itakuwa inazunguka mara 3,600, inachaji betri. Geuza hali: injini imezimwa, gari linatembea kwa umeme, pete inazunguka mara 1,000. Sasa mota ndogo inazunguka kinyumenyume mara 2,600. Ukitaka kuwasha injini, kompyuta inaishika ile mota ndogo isizunguke kinyume, na kibebeo kinalazimika kugeuka, injini inawaka. Ndiyo maana staata haihitajiki. Kurudi nyuma ni kuizungusha mota kubwa upande wa pili. Injini inaweza kukaa kwenye mzunguko inaoupenda huku gari likipanda kutoka kilomita 20 hadi 80 kwa saa, na kazi yote ya kubadili uwiano inafanywa na mota ndogo kwa kuongeza au kupunguza kasi yake.

Hesabu hiyohiyo inaeleza mambo mawili ambayo wenye magari haya huyaona bila kujua sababu. Prius ya kizazi cha pili ikikaribia kilomita 68 kwa saa, injini lazima izunguke hata kama haichomi mafuta, la sivyo mota ndogo itazidi kasi inayoruhusiwa. La pili ni kuvutwa kwa kamba. Gari la kawaida likizima njiani, unaweka nyutro, mwenzako anakuvuta mpaka gereji. Haibridi ukiivuta magurudumu ya mbele yakiwa chini, mota zenye sumaku za kudumu zinazunguka na kuzalisha umeme hata kama gari limezimwa, na pampu ya oili inayoendeshwa na injini haifanyi kazi. Inua mbele, au lipakie zima juu ya gari la kubeba magari. Hakuna njia ya mkato.

Wazo lenyewe ni la zamani. Wahandisi watatu wa kampuni ya TRW ya Marekani, Baruch Berman, George Gelb na Neal Richardson, walipewa hataza ya mfumo wa namna hii mwaka 1971. Gia walikuwa nazo, mota walikuwa nazo. Kilichokosekana ni kompyuta ndogo na ya bei nafuu ya kuziongoza mota mara nyingi kwa sekunde, pamoja na swichi za kielektroniki za kubeba umeme mkubwa. Toyota walipoonyesha Prius ya mfano kwenye maonyesho ya Tokyo mwaka 1995, lile gari halikuwa na gia za sayari. Lilikuwa na mota moja, CVT ya mkanda, na kapasita, kifaa cha kuhifadhi umeme kwa muda mfupi, badala ya betri. Mfumo wa mota mbili ulikuwa unapikwa kwingine. Wahandisi wenyewe wamesimulia kwamba gari lao la kwanza la majaribio lilikataa kusogea kwa siku 49, na liliposogea lilikwenda mita 500 hivi. Desemba 1997 Prius iliingia sokoni Japani. Anayedhani ubunifu ni umbo la gari aangalie hapo: lililoonyeshwa jukwaani silo lililouzwa.

Upande wa pili wa historia hiyo uko Vienna. Mwaka 1900 Ferdinand Porsche, akiwa kwa mtengeneza magari Lohner, aliunda Semper Vivus: injini mbili za petroli zinazalisha umeme, umeme unaendesha mota zilizowekwa ndani ya magurudumu ya mbele. Hakuna shafti, hakuna giaboksi. Kwenye karatasi hakuna kinachopendeza kuliko mota ndani ya gurudumu, na kila baada ya miaka michache kampuni mpya inarudi nayo kana kwamba ndiyo kwanza imegunduliwa. Lightyear 0 ya Uholanzi ilikuwa na mota nne magurudumuni na sola juu ya bodi, bei yake euro 250,000. Uzalishaji ulianza mwishoni mwa 2022 na kusimamishwa Januari 2023. Lordstown ya Marekani ilitoa pikapu yenye mota nne magurudumuni mwaka huohuo wa 2022, na kufikia Juni 2023 ilikuwa mahakamani kuomba ulinzi wa kufilisika.

Kampuni hufilisika kwa sababu nyingi, na sitaki kuibebesha mota lawama zote. Ila uzito ulioutoa katikati ya gari haukupotea, umeupeleka kwenye gurudumu, chini ya springi. Uzito ulio juu ya springi unabebwa na springi na shokamzoba. Ulio chini yake unapigwa na kila shimo moja kwa moja, na tairi linachelewa kurudi kugusa lami. Sasa weka sumaku, shaba, beringi na nyaya za umeme mkubwa mahali panapopita maji ya dimbwi, mchanga na joto la breki. Kwenye barabara laini ya Uholanzi hilo linavumilika. Kwa barabara ya vumbi yenye makorongo ya mvua, mimi nisingeinunua hata kwa bei ya bajaji.

Honda nao walijifunza kwa njia ngumu. Fit Haibridi ya Septemba 2013, ile inayoitwa GP5 kwenye minada ya magari yaliyotumika, ilichukua giaboksi ya gia saba yenye klachi mbili na kuipachika mota ndani yake. Ilikuwa kazi ya uhandisi ya kuvutia kwelikweli, na ulaji wake wa mafuta kwenye vipimo vya Japani ulikuwa mzuri sana. Lakini walikuwa wameongeza: klachi mbili kavu, injini, mota, na programu ya kuamua wakati gani nani ashike na nani aachie. Hadi Oktoba 2014 gari hilo lilikuwa limerudishwa kiwandani mara tano, kadhaa kati ya hizo zikihusu programu ya kuongoza giaboksi hiyo, na rais wa kampuni pamoja na wakubwa wengine wakakatwa mshahara kwa miezi mitatu. Fit ya 2020 ikatoka haina giaboksi hiyo. Ina mota mbili na klachi moja: mjini injini inazalisha umeme tu na mota inasukuma gari, kwenye barabara kuu klachi inafunga na injini inasukuma yenyewe. Walifika walikofika Toyota, kwa mlango mwingine.

Kwa GP5, foleni ndiyo adui. Klachi kavu inayotambaa mita tatu, inasimama, inatambaa tena, inapata moto na haina oili ya kuupoza. Dereva aliyezoea gari la otomatiki huachia breki kidogokidogo asogee na wenzake, na hapo ndipo klachi inaposuguka. Acha nafasi mbele, kisha sogea mara moja umbali wa kueleweka. Ukisikia mtikisiko gari likitoka gia ya kwanza kwenda ya pili, usisubiri.

Nissan Note e-Power, iliyotoka Novemba 2016, ilikwenda mbali zaidi katika kuondoa. Injini yake ya lita 1.2 haijaunganishwa na matairi kabisa. Inazungusha jenereta tu. Mota ya kilowati 80 iliyotoka kwenye Leaf inafanya kazi yote ya kusukuma. Utamu wake mjini haubishaniwi: ukikanyaga, inaondoka kama gari la umeme kwa sababu ni gari la umeme. Tatizo lake ni hesabu ya njia ndefu. Tuchukue mfano: jenereta, inveta (kifaa cha elektroniki kinachoulisha mota umeme) na mota, kila kimoja kipitishe 93 kati ya 100 kinachopokea. Mwisho wa safari unabaki na 80. Jozi ya gia za chuma ingepitisha zaidi ya 95. Mjini hasara hiyo inafidiwa kwa kuwa injini inazimika na breki zinarudisha umeme. Kutoka Chalinze hadi Dodoma kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa hakuna foleni ya kufidia chochote, unalipa tu. Anayeshinda Dar es Salaam achukue e-Power bila wasiwasi. Anayelala njiani kila wiki atafute gari lenye gia za sayari.

Hapa ndipo ninapowapa heko Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda. Walianza na Kiira EV ya viti viwili mwaka 2011, wakafuata na Kiira EV SMACK ya 2014, gari la viti vitano la haibridi, kisha basi la sola la Kayoola mwaka 2016 lenye viti 35 na uwezo wa kwenda kilomita 80. Baadaye kazi ikahamia kwenye mabasi ya umeme na kiwanda kikajengwa Jinja. Wapo waliolalamika kwamba gari dogo lilitelekezwa. Haibridi ya viti vitano ndiyo kazi ngumu kuliko zote kwa anayeanza, maana unatafuta wauzaji wa mifumo miwili, ya petroli na ya umeme, halafu unashindana na Aqua iliyotumika. Basi la umeme halina injini, na kila usiku linalala yadi ileile yenye chaja. Kuiacha ile haibridi ulikuwa uamuzi wa kihandisi.

Watu huuliza kwa nini betri ya Aqua ni ndogo hivyo. Ina moduli 20 za nikeli, kila moja seli 6, jumla volti 144 na ampea-saa 6.5. Hiyo ni chini kidogo ya kilowati-saa moja: birika la umeme la kilowati 2 lingeimaliza kwa dakika 28. Tena kompyuta hairuhusu itumike yote, inaichezesha katikati, tuseme kati ya asilimia 40 na 80, ili idumu. Kinachobaki ni kama kilowati-saa 0.37. Inatosha? Gari la kilo 1,150 likienda kilomita 50 kwa saa lina nishati ya mwendo isiyozidi kilowati-saa 0.031. Kwa hiyo betri inaweza kumeza breki kumi na zaidi za namna hiyo kabla ya kujaa. Kwa foleni imekatwa kwa kipimo.

Mlima ni habari nyingine. Gari hilohilo likishuka mita 100 za wima linaachia karibu kilowati-saa 0.31. Ukishuka mlima Kitonga, njia ya Iringa, ambako unapoteza mamia ya mita, betri imejaa hata hujafika katikati, na kuanzia hapo breki za kurudisha umeme hazina pa kuupeleka. Pedi zinabeba mzigo peke yake. Herufi B kwenye lever ya gia iko kwa ajili hiyo: inaizungusha injini bila mafuta ili imeze nguvu. Weka B kabla ya kuanza kushuka, sio baada ya kusikia harufu ya pedi. Na mjini itoe, kwa sababu inaipoteza nguvu ambayo ingeingia kwenye betri.

Sasa bili. Vipande vilivyoondolewa kwenye giaboksi vilihamishia mzigo kwenye betri na elektroniki, na Toyota walichagua kuipoza betri kwa hewa ya ndani ya gari. Sababu ni nzuri: hewa ambayo abiria anaipenda ndiyo betri inaipenda. Lakini tundu la kuvuta hewa hiyo liko ubavuni mwa kiti cha nyuma. Nchini Japani halina shida. Huku gari likishatoka bandarini, kitu cha kwanza linachonunuliwa ni kava za viti. Fundi cherehani anaishona kava nene ya ngozi bandia, anaivuta vizuri mpaka chini ibane, na tundu linazibwa siku hiyohiyo. Gari ambalo halikushonewa kava, tundu linazibwa na mfuko wa unga, begi la shule, au mtoto aliyelala.

Feni ikikosa hewa inazunguka kwa nguvu zaidi na kuvuta vumbi kutoka kwenye zulia. Baadhi ya matoleo yana kichujio cha wavu, mengine hayana, na vumbi linanata moja kwa moja kwenye mapezi ya feni mpaka nafasi kati ya pezi na pezi inaisha. Ukisikia mvumo upande wa kiti cha nyuma wakati wa jua kali, feni inakuomba msaada. Kifungue kifuniko, toa wavu, upulize. Feni yenyewe ifunguliwe na kusafishwa kwa brashi kavu. Kwa barabara za vumbi fanya hivyo kila kilomita 10,000, na mwambie fundi cherehani akate kava kuzunguka tundu.

Betri iliyopikwa haifi yote. Seli zimepangwa mnyororo mmoja, umeme unaopita kwa moja unapita kwa zote, kwa hiyo iliyo dhaifu inajaa kabla ya wenzake na kuisha kabla ya wenzake, na kila mara inapata moto. Za katikati hutangulia kwa kuwa ndizo zinazopata hewa kidogo. Kwenye mashine ya kupimia utaona bloku moja (kundi la moduli linalopimwa pamoja) iko chini ya nyingine kwa volti moja na kitu: seli moja imekufa. Kabla ya kununua, angalia vijiti vya betri kwenye dashibodi. Vikipanda mpaka juu na kushuka mpaka chini ndani ya dakika chache, usitoe hela. Msimbo P0A80, ambao kompyuta huuandika betri ikichoka, ukifutwa asubuhi unaweza kuchukua siku mbili kurudi, na muuzaji anajua hilo.

Kubadilisha moduli moja kunawezekana, na ndiyo biashara ya gereji nyingi. Plagi ya rangi ya chungwa inatolewa kwanza, unasubiri dakika 10 kapasita za inveta ziishiwe, glavu za volti 1,000 mkononi. Vipande vya shaba vinavyounganisha moduli vikiwa na kutu ya kijani visuguliwe mpaka ving'ae. Nati zinakazwa kwa rinchi ya kupima, nyutoni-mita 5.4 tu, ukikaza kwa mkono wa kufungia tairi unang'oa kichwa cha moduli. Kosa linalorudisha gari gereji baada ya miezi mitatu ni kuweka moduli moja yenye nguvu kati ya kumi na tisa zilizochoka. Zipimwe zote, zichajiwe zilingane, ndipo zifungwe.

Kuna na oili. Kwa kuwa kwenye karatasi za mnada giaboksi hii huandikwa CVT, fundi anamimina oili ya CVT. Mle ndani nyaya za mota zinaogelea kwenye oili hiyo, na inayotakiwa ni oili ya Toyota iitwayo ATF WS, lita tatu na kitu.

Mwaka 2021 Toyota walitoa Aqua mpya, na kwa sheria ya Kenya ya magari yasiyozidi miaka 8 hiyo inaruhusiwa kushuka Mombasa. Betri yake bado ni ya nikeli, ila kwenye matoleo mengi imejengwa upya: bamba moja ni chanya upande huu na hasi upande wa pili, seli zinarundikwa kama sahani bila vile vipande vya kuunganisha. Kwa mujibu wa Toyota inatoa takriban mara mbili ya nguvu ya ile ya zamani. Wameondoa tena. Safari hii walichokiondoa ni nati na shaba ambazo fundi wa Kariakoo, Dar es Salaam, na wa Kirinyaga Road, Nairobi, huzifungua kutafuta seli iliyokufa.